Irabu za Mwisho katika Kitenzi cha Kikamba: Uhakiki wa Matamshi na Maandishi Yake

1. Utangulizi

Katika Kiswahili, kata na kataa ni vitenzi viwili ambavyo hakuna mzungumzaji anayevichanganya. Irabu moja iliyoongezwa mwishoni huleta silabi mpya, huhamisha mkazo na kugeuza maana. Hata hivyo jozi za namna hii ni chache katika Kiswahili, na tofauti yake ni ya msamiati tu. Haigusi wakati wa tendo wala hali yake. Kwa sababu hiyo, mtu aliyelelewa na sarufi ya Kiswahili anapoingia katika Kikamba huchukua pamoja naye mazoea ya kuidhani irabu ndefu ya mwisho kuwa jambo la lafudhi, kana kwamba msemaji amevuta sauti kwa kupenda kwake. Makala haya yana nia ya kuonyesha kwamba dhana hiyo ni potofu, na kwamba upotofu wake haukuishia katika matamshi ya wageni bali umeingia katika maandishi ya wenyeji wenyewe.

Muthetheni, iliyoko Mwala katika kaunti ya Machakos, ni mahali panapofaa kutazamia jambo hili. Iko katika eneo la lahaja ya Masaku, yaani Kikamba cha Machakos, ambacho ndicho kilichotegemewa zaidi katika kuandika lugha hii. Ni nchi ya wakulima ambako Kikamba ndiyo lugha ya nyumbani na ya sokoni, na ambako mtoto hukutana na Kiswahili na Kiingereza baadaye, hasa shuleni. Jina la mahali penyewe ni ushahidi wa tatizo. Kiambishi chake cha kwanza hutamkwa kwa irabu ambayo tahajia ya Kikamba huiandika ũ, lakini katika ramani, katika orodha za serikali na katika vibao vya barabarani huandikwa u kama ya Kiswahili. Katika jina la mahali dosari hiyo haina madhara, kwa kuwa kila mtu anajua panapotajwa. Katika kitenzi mambo ni tofauti.

Chukua kitenzi -vanda, ambacho ni ndugu wa panda ya Kiswahili, na ukitie katika sentensi ambazo mkulima wa Mwala angeweza kuzisema wakati wowote wa mwaka:

(1) Nĩtwavanda mbemba. Maana yake: Tumepanda mahindi (leo, si muda mrefu uliopita).
(2) Nĩtwavandaa mbemba. Maana yake: Tulikuwa tukipanda mahindi (zamani, kwa desturi).
(3) Nĩtwavandie mbemba. Maana yake: Tulipanda mahindi (zamani, tendo lililokwisha).
(4) Nĩtũvandaa mbemba. Maana yake: Sisi hupanda mahindi.

Kwa macho, sentensi ya kwanza na ya pili zimetenganishwa na herufi moja tu. Kwa maana, zimetenganishwa na umbali ulio kati ya asubuhi ya leo na miaka ya ujana wa mzee. Hapana budi, basi, kuuliza herufi hiyo imetoka wapi, kwa nini hupotea kwa urahisi, na hasara yake ni nini inapopotea.

2. Asili ya viishio

Kikamba na Kigikuyu ni lugha za karibu sana. Katika uainishaji wa Guthrie zote zimo katika kundi moja, Kigikuyu kikiwa E51 na Kikamba E55. Zikiwekwa bega kwa bega, siri ya viishio vya Kikamba hufunuka pasipo taabu. Kigikuyu husema nĩtwahanda, nĩtwahandaga, nĩtwahandire pale ambapo Kikamba husema nĩtwavanda, nĩtwavandaa, nĩtwavandie. Tofauti ya h na v ni ya kawaida baina ya lugha hizi, na sauti hizo hulingana na p ya Kiswahili: handa, vanda, panda. Lakini mwishoni mwa kitenzi lipo jambo zito zaidi. Kikamba kimepoteza g ya -aga, nacho kikabaki na -aa. Kimepoteza r ya -ire, nacho kikabaki na -ie.

Upotevu huu haukuja kwa vitenzi peke yake. Shamba kwa Kigikuyu ni mũgũnda. Kwa Kikamba ni mũũnda. Konsonanti ilipokufa, irabu mbili zilizokuwa pande zake zilikutana, na urefu ukabaki kuonyesha mahali ilipokuwa. Mwanafunzi wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa, maana Kiswahili nacho kimepita njia hiyo hiyo kwa sauti nyingine. Njaa ya Kiswahili na nzaa ya Kikamba zote zimepoteza l ambayo bado iko katika enjala ya Kiganda. Tena l iliyopotea katika chukua haikutoweka kabisa: msemaji akitaka kutendea, husema chukulia, na ile l hujitokeza kana kwamba ilikuwa imejificha tu. Walimu wa Kiswahili hufundisha jambo hilo kila mwaka. Hawajapata kusema kwamba u na a za chukua ni irabu moja iliyovutwa.

Kwa kipimo hicho hicho, -aa ya Kikamba haiwezi kuitwa -a iliyorefushwa. Ni viambishi viwili: kiambishi cha mazoea, ambacho konsonanti yake imekufa, na irabu ya mwisho ambayo ndiyo ya kawaida kwa vitenzi vya Kibantu. Anayeipunguza ikawa -a hajafupisha sauti, bali ameondoa kiambishi kizima. Amefanya sawasawa na Mgikuyu ambaye angesema nĩtwahanda badala ya nĩtwahandaga, kosa ambalo hakuna Mgikuyu angelifanya, kwa kuwa g yake ingali hai na inasikika.

Yafaa kukumbusha hapa kwamba kiishio hiki si kigeni hata katika masikio ya Waswahili. Katika mazungumzo ya kila siku ya sehemu nyingi za Tanzania Bara, watu husema nasomaga, anakujaga, tunalalaga. Shule hukataza maumbo hayo, na Kiswahili sanifu hutumia hu- kwa kazi hiyo. Lakini mtu akiyasikia huelewa mara moja kwamba tendo ni la mazoea. Hiyo -aga iliyokatazwa darasani Tanzania ni ndugu wa -aga ya Kigikuyu na wa -aa ya Muthetheni. Vivyo hivyo, -ie ya Kikamba ina jamaa yake katika -ile na -iye za wakati uliopita ambazo hukutwa katika tenzi kongwe za Lamu na Pate. Msomi wa ushairi wa kale anayejua kwamba -iye ni -ile iliyopoteza l amekwisha kuielewa nusu ya sarufi ya kitenzi cha Kikamba.

3. Makosa matatu ya jedwali

Kikamba hakikukosa wanasarufi. J. L. Krapf alifika Ukambani mwaka 1849, na Injili ya Marko aliyoitafsiri ilipigwa chapa Tübingen mwaka 1850. J. T. Last alitoa sarufi mwaka 1885. Gerhard Lindblom wa Uswidi, aliyeishi miongoni mwa Wakamba mnamo 1911 na 1912, alichapisha maelezo yake juu ya lugha hii mwaka 1926. W. H. Whiteley na M. G. Muli walitoa kitabu chao cha utangulizi wa Kikamba mwaka 1962. Katika miongo iliyofuata, tasnifu za vyuo vikuu zimechunguza fonolojia na toni zake kwa undani. Hayo yote ni mali ya taaluma, na makala haya hayana shabaha ya kuyapunguzia thamani. Kinachohakikiwa hapa ni desturi moja ya ufundishaji iliyotokana na sarufi za aina zote, za Kikamba na za lugha nyingine: desturi ya kuvitoa viishio katika sentensi na kuvipanga katika jedwali: -a, -aa, -ie, -ete, -e. Jedwali la namna hiyo husaidia kumbukumbu ya mwanafunzi, lakini humfundisha makosa matatu.

Kosa la kwanza ni lile lililokwisha kutajwa, yaani kuzipanga -a na -aa kama kwamba ya pili ni ya kwanza iliyovutwa. Mwanafunzi huzisoma jedwalini mojamoja, kila moja ikifuatwa na kimya, na mahali penye kimya urefu wa irabu hauna kipimo. Sikio hupima urefu kwa kulinganisha na kinachofuata. Katika nĩtwavandaa mbemba, konsonanti ya mbemba huifunga irabu na kumwonyesha msikilizaji ilipokoma. Neno linalofuata likianza kwa irabu, irabu mbili hukutana, na mgeni hawezi tena kujua ipi ni ya kitenzi na ipi ni ya neno la pili. Kwa hiyo mahali pa kujifunzia tofauti hii ni ndani ya sentensi, tena sentensi iliyochaguliwa kwa uangalifu.

Kosa la pili ni kukitenga kiishio na kiambishi cha mwanzo. Katika Kikamba wakati haukai mahali pamoja. Nĩtwavandie ni ya zamani, lakini nĩtũnavandie ni ya jana au ya siku chache zilizopita. Kiishio ni kile kile -ie, na kilichobadilika ni -na- iliyoingia mbele ya mzizi. Na -aa ya mazoea hutumika katika nĩtũvandaa ya sasa kama inavyotumika katika nĩtwavandaa ya kale. Kwa hiyo hakuna kiishio kinachoweza kupewa tafsiri moja ya Kiswahili. Anayemwambia mwanafunzi kwamba -ie ni -li- amempa ufunguo usioingia katika nusu ya milango.

Kosa la tatu ni kunyamaza juu ya toni. Kikamba ni lugha ya toni, na wataalamu wametambua kwamba juu ya toni ya juu na ya chini iko ya juu zaidi na ya chini zaidi, hii ya mwisho ikionekana hasa mwishoni mwa neno au kifungu. Kwa maneno mengine, mahali pale pale ambapo jedwali limeweka herufi moja au mbili, kinywa cha msemaji kinafanya kazi tatu kwa wakati mmoja: kinachagua aina ya irabu, kinapima urefu wake, na kinashusha au kupandisha sauti. Mtu anayejifunza herufi peke yake amejifunza theluthi moja ya kiishio.

Wala tatizo hili si la Afrika peke yake. Katika Kiayalandi, glanfaidh sé ni atasafisha, na ghlanfadh sé ni angesafisha. Kwa macho, viishio -faidh na -fadh hutofautiana kwa herufi moja. Kwa sikio, dh hiyo ya mwisho mahali pengine haisikiki kabisa, na mahali pengine husikika kama konsonanti nyingine, kwa kutegemea jimbo na neno linalofuata. Munster, Connacht na Ulster kila moja ina desturi yake, na kanuni sanifu iliyotolewa na serikali mwaka 1958 ilihusu tahajia na sarufi, haikuweka matamshi. Ulinganisho huu una manufaa kwa sababu lugha hizo mbili zimechukua njia zilizopingana. Waayalandi wameihifadhi katika maandishi konsonanti ambayo vinywa vingi vimeiacha, hata anayejifunza hulalamika kwamba anaandika asichotamka. Wakamba wameiacha konsonanti katika kinywa na katika maandishi, na urithi wake wote umebaki katika urefu wa irabu. Mwayalandi akikosea matamshi, maandishi bado yanamkumbusha. Mkamba akiandika irabu moja badala ya mbili, hakuna kitu kingine kwenye karatasi kinachomkumbusha.

4. Alama ndogo na uzito wake

Kikamba kina irabu saba: i, ĩ, e, a, o, ũ, u. Krapf hakuwa na alama za ĩ na ũ. Hizo zilikuja baadaye, na zimekuwa sehemu ya tahajia ya Kikamba kama zilivyo katika Kigikuyu. Alama hiyo ya mawimbi juu ya herufi ndiyo inayotenganisha kũtũma, yaani kupeleka mtu au kitu, na kũtuma, yaani kushona au kusuka, kama wanawake wanavyosuka kĩondo. Mwandishi asiyeweka alama humwachia msomaji achague, na kwa nomino au mzizi wa kitenzi msomaji huchagua vyema mara nyingi. Kwenye kiishio uchaguzi ni mgumu zaidi, na sababu yake inafaa kuelezwa taratibu.

Kauli ya kutendea katika Kikamba hujengwa kwa -ĩa baada ya mizizi yenye a: kũvanda, kupanda, kũvandĩa, kupandia. Mtu akitoa amri au ombi, irabu ya mwisho hugeuka -e, kama ilivyo katika Kiswahili: mavandĩe, wapandie. Kwa upande mwingine wakati uliopita wa zamani huishia -ie, na katika nafsi ya tatu wingi kiambishi cha nafsi ma- huungana na -a- ya wakati, hata katika maandishi ya kawaida hubaki ma- peke yake: mavandie, walipanda. Basi umbo la kwanza ni mavandĩe na la pili ni mavandie. Moja ni ombi la jambo lisilokuwa bado, nalo jingine ni habari ya jambo lililokwisha zamani. Wimbi dogo juu ya i ndilo lililobaki kuzitenga. Likiachwa, andiko la ombi na andiko la historia huwa kitu kimoja.

Na alama hizo huachwa mara nyingi. Mashine za kuandikia za zamani hazikuwa nazo. Simu za mkononi za leo zinaweza kuziandika, lakini kwa taabu, na mwandishi mwenye haraka huandika nitwavanda bila alama yoyote na bila kufikiri kwamba ameacha kitu. Wasomaji waliozoea Kiswahili chenye irabu tano huona i na u kuwa za kutosha. Hapo ndipo mazoea ya lugha ya shule yanapoitawala lugha ya nyumbani: si kwa kuleta maneno mapya, ambalo ni jambo la kawaida kwa lugha zote, bali kwa kuondoa tofauti ambazo lugha ya shule haizihitaji.

5. Hoja za kupinga na majibu yake

Wako watakaosema kwamba wasiwasi huu umepita kiasi. Hoja yao ya kwanza ni kwamba muktadha hutosha. Msemaji huongeza ũmũnthĩ akitaka kusema leo, au tene akitaka kusema zamani, na msikilizaji hapotei. Hoja hii ina ukweli wake katika mazungumzo, ambapo watu wawili wanatazamana na kuulizana. Haina nguvu katika maandishi, hasa yale yanayosomwa na mtu ambaye hakuwapo.

Ifikiriwe hali ya shauri la ardhi. Sheria ya Kenya ya mwaka 1968 juu ya uamuzi wa haki za ardhi iliweka kamati za wenyeji kusikiliza madai, na katika nchi ambayo haki nyingi hazikuwa na hati, ushahidi ulikuwa maneno ya wazee. Mzee akisema Nĩtwavandaa vaa, amedai kwamba jamaa yake walikuwa wakilima mahali hapo kwa miaka. Mwandishi akiandika Nitwavanda vaa, na mwingine akatafsiri kwa Kiswahili kutoka katika karatasi hiyo, atapata Tumepanda hapa. Dai la miaka mingi limegeuka kuwa habari ya asubuhi moja, na pengine ungamo la kuingia katika shamba la mtu. Hakuna neno lililotafsiriwa vibaya. Kila mmoja ameitendea haki karatasi aliyopewa. Kilichopotea ni a moja. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya hoja, lakini hakuna ndani yake kisichowezekana. Nao unahusu kila anayekusanya masimulizi, historia au nyaraka katika Kikamba, kwa maana tofauti ya tulipanda, tulikuwa tukipanda na tumepanda ndiyo uti wa mgongo wa ushahidi wowote juu ya wakati uliopita.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Yasemwa kwamba, kwa kuwa toni haiandikwi, maandishi ya Kikamba yamekwisha kukubali upungufu, na hivyo hakuna haja ya kung'ang'ania urefu wa irabu na alama za mawimbi. Jibu ni kwamba upungufu huo si wa aina moja. Kuandika toni kungehitaji alama juu ya karibu kila silabi, na watu wangechoka kabla ya kufika mwisho wa ukurasa. Urefu na aina ya irabu huandikwa kwa herufi zilizopo, na gharama yake ni ndogo. Tena kuna faida ambayo wenye hoja hii hawaioni: mwenyeji wa lugha akiisoma -aa kamili na kiambishi kamili, anajua ni umbo gani la kitenzi, na akilijua umbo hilo toni huja yenyewe kinywani mwake bila kuandikwa. Kiishio kilichoandikwa sawasawa huwa ni kumbusho la toni. Kilichoandikwa vibaya humfanya msomaji atamke wimbo wa sentensi nyingine.

Hoja ya tatu husema kwamba lugha hubadilika, na pengine -aa inaelekea kuwa -a kama -aga ilivyokuwa -aa. Lugha hubadilika, hilo halina ubishi. Lakini badiliko la lugha hufanywa na vinywa vya wasemaji kwa muda mrefu, na linapoondoa tofauti moja mara nyingi huleta njia nyingine ya kuionyesha, kama Kiswahili kilivyoshika hu- mahali pa mazoea. Kuacha herufi kwa sababu ya mashine au haraka si badiliko la lugha. Ni upungufu wa maandishi. Tofauti bado iko hai kinywani, na vituo vya redio vya Kikamba huitangaza kila siku kwa maelfu ya wasikilizaji. Karatasi peke yake ndiyo iliyonyamaza.

6. Maoni kwa walimu na waandishi

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya shule. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya mazingira ya shule itumike katika madarasa ya chini, na vitabu vya mfululizo wa Tujifunze Kusoma Kikwetu vilitumika kuwafundisha watoto kusoma katika lugha zao. Katiba ya mwaka 2010 imeipa dola wajibu wa kuendeleza lugha za wenyeji, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 umezipa lugha hizo nafasi katika madarasa ya mwanzo. Nafasi imetolewa, lakini mtoto anayefunzwa kusoma Kikamba kwa tahajia isiyo na urefu wala alama hufunzwa jambo la ajabu: kwamba lugha anayoisema vizuri nyumbani haiandikiki. Akishindwa kusoma kwa ufasaha hulaumiwa yeye, ilhali aliyeshindwa ni mwandishi.

Mapendekezo yanayofuata hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, kila kitabu cha Kikamba kiandike -aa kwa herufi mbili popote palipo na kiambishi cha mazoea, pasipo kubagua. Pili, alama za ĩ na ũ zihesabiwe kuwa herufi kamili, na wasahihishaji wa chapa waihesabu alama iliyoachwa kuwa kosa sawa na herufi iliyoachwa. Tatu, viishio vifundishwe katika sentensi kamili, kwanza mbele ya maneno yanayoanza kwa konsonanti kama mbemba na mboso, ndipo baadaye mbele ya irabu na mwishoni mwa kauli, ambako sikio hupata taabu zaidi. Nne, mwalimu asiyekuwa msemaji wa Kikamba aonyeshwe viishio hivi pamoja na -aga na -ire za Kigikuyu, na chukua na chukulia za Kiswahili, ili ajue kwamba mbele yake kuna viambishi viwili wala si irabu iliyovutwa. Tano, masimulizi ya wazee yanapoandikwa, sauti ihifadhiwe pamoja na maandishi, na anayeandika amsomee msimulizi alichoandika kabla ya kutafsiri.

Pendekezo hili la mwisho ndilo rahisi kuliko yote na ndilo hupuuzwa zaidi. Mzee wa Muthetheni akisomewa Nĩtwavanda vaa pale aliposema Nĩtwavandaa vaa, hahitaji kujua kiambishi ni nini wala Guthrie ni nani. Atamkatiza msomaji hapo hapo na kumwambia kwamba hakusema hivyo. Sarufi ya Kikamba ianzie katika masahihisho ya namna hiyo, na jedwali lifuate baadaye.